Kabla Isiyogongwa Muhuri

Nchi ninayoisimulia si hii. Nasema mapema, mtu asije akabisha hodi kwangu na faili kwapani. Nchi hiyo iko mbali, ng'ambo ya milima ambayo sijawahi kuivuka, na kama ina wimbo wa taifa mimi siujui. Nikiteleza nikasema "kwetu", msomaji aelewe ni kwetu kwa huko.

Huko basi kulikuwa na Chuo cha Taifa cha Ugani na Uelimishaji wa Mkulima Asiyejua. Kila aliyetaka kuwa bwana shamba au bibi shamba alipelekwa hapo, na hakutoka mpaka amalize Kazi ya Kuandika. Kulima hakukuwemo. Zamani kulikuwemo, lakini wanafunzi walikuwa wakirudi na tope wanachafua karatasi, wakubwa wakakaa kikao wakaona bora waondoe tope.

Kazi ya Kuandika ilikuwa na sura tatu. Ya kwanza iliitwa Kabla. Humo mwanafunzi anaeleza namna mkulima alivyo gizani. Ya pili iliitwa Ushauri. Ya tatu iliitwa Baada, mkulima ametoka gizani, anacheka, picha yake imebandikwa na gundi. Mambo mazuri, sikatai. Nani hapendi kutoka gizani?

Ila kulikuwa na sharti. Ushauri hautolewi mpaka Kabla igongwe muhuri, na haigongwi muhuri mpaka Msimamizi aje aione kwa macho yake. Mkulima akibadilika kabla Msimamizi hajafika, Kazi imeharibika na mwanafunzi amefeli. Serikali ya huko ina huruma na wanafunzi wake. Ikatunga sheria kwamba mkulima aliyepangiwa mwanafunzi atabaki katika hali ya Kabla, yeye na shamba lake, mpaka muhuri ufike.

Tangazo lilisomwa nje ya kanisa baada ya misa. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, taratibu, huku nikiwaangalia waliokuwa wananiangalia.

*

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Pankrasi, ni mtu wa kununa. Huyo akicheka, watu huingiza mbuzi ndani. Asubuhi hiyo nilikuwa natoa samadi zizini, nikamwona anakuja huku anacheka tangu kule njia panda, na nyuma yake msichana mwenye begi. Nikaweka koleo chini.

"Mama Gaudensi, hodi! Bahati imekuangukia!"

"Karibu, Mwenyekiti. Imeangukia wapi? Isije ikawa imenivunjia kitu."

"Umeteuliwa. Wewe ni mkulima wa Kabla. Kijiji kizima kimepata wanafunzi, lakini wewe umepewa huyu wa kutoka chuoni kabisa, makao makuu."

"Nani aliyeniteua?"

"Juu."

"Juu kwa nani? Maana juu kuna wengi."

Akacheka tena, na mimi nikazidi kuwa na wasiwasi. Msichana akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye bahati?"

"Mimi ndiye mwanafunzi, mama. Naitwa Eufrasia."

Mwenyekiti akaondoka, na yule msichana akakaa kwenye kigoda, akatoa karatasi zake na kuanza kuniuliza. Umri. Idadi ya watu wa nyumbani. Mume yuko wapi. Nikamwambia mume wangu yuko mbele za haki, akaandika "hayupo shambani". Akauliza kuku.

"Kuku wangu wanakuhusu nini?"

"Ni kiambatisho, mama."

Tangu nifiwe nimeulizwa kuhusu kuku na watu wa kila namna, na sijaona hata mmoja aliyeuliza kwa kuwapenda kuku. Akaruka kuku, akaendelea.

"Mama, huwa unapandaje mahindi?"

"Kwa mistari. Navuta kamba."

Kalamu ikasimama. Akatazama karatasi, akanitazama mimi, akarudi kwenye karatasi kama mtu aliyetumwa chumvi akakuta duka limefungwa.

"Hapa kumeshapigwa chapa 'anatupa mbegu ovyo'. Hakuna nafasi nyingine."

"Kama mmeshapiga chapa, mimi unaniuliza nini?"

"Ndio utaratibu, mama."

"Basi utaratibu ukuambie. Mimi nina dhambi zangu za kutosha, sijitwiki nyingine ya kujisema nisivyo."

Akasema kwa sauti ndogo, "Basi, mama, usiseme kitu. Mimi nitaandika tu kwamba sijakuona ukipanda. Hiyo ni kweli. Sijakuona." Nikaona huyu binti ana akili, na mtu mwenye akili anayetafuta njia ya kupita katikati ya kweli na uongo, mimi huyo nalala nikimsikiliza anavyopumua.

Alikuwa mpole kupita kiasi. Alikuwa na shati moja jeupe la chuo, analifua kila jioni na kulivaa asubuhi. Alichota maji bila kuambiwa. Alisali rozari pamoja nasi na hakuruka fungu. Sikumwamini hata kidogo.

*

Kisha ikaundwa Kamati ya Ulinzi wa Kabla, Mwenyekiti Pankrasi akiwa mwenyekiti wake, na mgambo wakapewa virungu vipya. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kukusanya kamba zote za kupandia. Zikarundikwa ofisini kwa Mwenyekiti, na mlango ukatiwa kufuli. Kazi ya pili ilikuwa samadi. Ilitamkwa kwamba kutoa samadi zizini ni usafi na unaruhusiwa, lakini kuifikisha shambani ni kujielimisha. Samadi yangu ikakaa katikati ya njia, haiwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Mwenyekiti alituhutubia akiwa amesimama juu ya kreti la soda.

"Ndugu wananchi! Kuna watu humu ndani wanajua! Nasema wanajua, na wananyamaza! Mtu anajua kupanda, anajua kupalilia, anatembea kati yetu kama hajui! Huyo ni adui wa elimu! Wanafunzi wetu wataandika nini, ikiwa kila mtu anajua?"

"Aibu!" wakaitikia waliokaa mbele.

"Ukimwona jirani yako anajua, toa taarifa!"

Tangu siku hiyo kijiji kikabadilika. Mzee Ditriki alihojiwa kwa sababu alikatiza shambani kwake na nyayo zikaonekana zimenyooka. Akawa anapita kwa kuyumba, na mkewe akadhani ameanza kunywa. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliitwa kwa kuanika nguo kwa mstari. Akaambiwa atawanye. Tukaanika juu ya vichaka kama watu waliokimbia vita. Hata kanisani mabenchi yaligeuzwa, huyu kaangalia dirisha, yule kaangalia ukuta, na Padri akasoma misa bila kusema neno juu ya hilo. Padri akinyamaza, mimi huongeza sala.

Mtu akikusalimia, unajiuliza anataka nini. "Habari za shamba?" ilikuwa salamu ya kawaida tangu enzi za bibi zetu. Sasa ukiulizwa hivyo unajibu, "Shamba gani?"

Mambo hayo yote tungeyavumilia, kama Msimamizi angekuja.

Hakuja. Eufrasia alikwenda kumpigia simu kule kwenye kichuguu ambako mtandao unapatikana, akarudi na kusema Daktari Hilarioni, Msimamizi Mwandamizi, yuko kwenye semina ya kuharakisha usimamizi. Akapiga tena baadaye. Daktari alikuwa kwenye warsha ya kujadili kwa nini semina ya kuharakisha ilichelewa kuanza.

"Sasa tufanyeje?" nikamuuliza.

"Tusubiri, mama. Sisi tuko Kabla."

"Na mvua nayo iko Kabla?"

Akaangalia mawinguni.

*

Mvua haikuhudhuria semina. Ilikuja siku zake, ikanyesha vizuri, ikatulia, ikanyesha tena. Ardhi ikalainika, ukikanyaga inakumeza kisigino. Huo ndio wakati. Kila mtu kijijini alisimama kwenye kizingiti cha nyumba yake ametia mikono kwapani, akiitazama mvua inavyopotea bure, na mgambo wanapita na virungu wakihakikisha inapotea sawasawa.

Wapo waliosema tupande ovyo basi, tutupe tu, maana ovyo inaruhusiwa. Mzee Ditriki akatupa. Ndege wakamshukuru.

Kwangu kihenge kilikuwa kimebaki na mbegu tu. Nina wajukuu watatu, na mjukuu hali Kabla. Mbegu usipoipanda wakati wake utaishia kuila, na ukishaila, mwaka unaofuata unakwenda kuomba kwa mtu, na mtu huyo atakuuliza juu ya kuku. Kila asubuhi nilifungua kihenge nikaingiza mkono, nikaona nafaka iko pale pale, nikafunga. Watoto walikuwa wanakula uji mwepesi. Eufrasia naye alikuwa anakula nasi. Nikagundua kitu: kila siku anasema ameshiba mapema kuliko jana.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa namna nyingine, ingawa bado nilimtazama.

Asubuhi moja baada ya mvua nilimkuta amesimama katikati ya shamba na shati lake la chuo, amechota udongo mkononi anaufinyanga.

"Mama, unyevu huu ukipita..."

"Ukipita, nini?"

"Haurudi."

"Hebu tazama nyuma yako. Huo si ndio Ushauri? Muhuri uko wapi?"

"Nimesema tu, mama."

"Umesema au hujasema?"

Akafikicha mikono, udongo ukadondoka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na alikasirika kwamba yanamlengalenga.

"Baba yangu ameuza mbuzi wote ili nisome. Nikifeli, narudi nyumbani naambiwa nini? Lakini nikifaulu hivi, nimefaulu nini? Nitakuwa bibi shamba ambaye shamba lake la kwanza aliliua kwa kulisubiria muhuri."

"Mimi sikukushauri," nikamwambia. "Mtu asije kusema nilikushauri."

"Kamba ziko kwa Mwenyekiti."

"Kamba zote za kupandia ziko kwa Mwenyekiti," nikasema. "Ya mbuzi haikutajwa."

Tukamfungua mbuzi. Nilifanya ishara ya msalaba, tukaanza. Yeye alivuta kamba, mimi nikachimba, wajukuu wakadondosha mbegu na kufukia kwa miguu. Mgambo walipopita, tulikaa chini tukajifanya tunachambua majani. Wakauliza tunafanya nini. Eufrasia akasema, "Nakusanya taarifa za udongo." Mgambo akatikisa kichwa kwa heshima. Huko kwetu, ukitaja taarifa hakuna anayekugusa. Ile samadi nayo ilifika ilikokuwa inakwenda.

Tukamaliza shamba zima. Eufrasia alikula jioni ile sahani nzima.

*

Mbegu ikiwa chini ni siri nzuri. Mwenyekiti alipita mara mbili, akaona udongo tu, akaniambia, "Hongera, Mama Gaudensi, Kabla yako imetulia." Nikamwambia namshukuru Mungu. Ilikuwa kweli, nilikuwa namshukuru.

Lakini mahindi hayakufundishwa kujificha. Yalipochomoza, yalichomoza kama askari wa gwaride. Ukisimama upande huu unaona mistari, ukihamia upande ule unaona mingine. Mwenyekiti alikuja, akasimama, akavua kofia. Akakimbilia kwenye kichuguu.

Daktari Hilarioni alikuwa haonekani kwa barua, haonekani kwa simu ya Eufrasia, haonekani kwa ombi la Mkuu wa Chuo. Umbea ulimfikia siku ile ile. Kesho yake gari jeupe likaingia kijijini na mafuta tele, na kijiji kizima kikaitwa shambani kwangu.

Alikuwa mtu mnene mwenye uso wa huzuni, amevaa buti safi ambazo hazijawahi kukanyaga kitu. Akapanda juu ya lile kreti la soda, walikuwa wamekuja nalo.

"Ndugu wananchi wa Kabla!" akaanza. "Kwa niaba ya Mkurugenzi, na kwa niaba ya aliye juu ya Mkurugenzi, nawasalimu! Taifa lolote lisilo na Kabla haliwezi kuwa na Baada! Tulipanga, tulitathmini, tukatathmini tulivyotathmini! Na leo nimekuja kwa fahari kuiona..."

Akageuka akaona mistari. Nilimwona Daktari mzima anataka kulia.

"Nani amefanya hivi?" akasema. "Nani amenifanyia hivi?"

"Amekufanyia wewe?" Mzee Ditriki akauliza. "Si shamba la Mama Gaudensi?"

Daktari akashuka kwenye kreti. Akasema kwa uchungu, kama mtu anayeungama mbele ya umati. "Na mimi nasoma. Mnadhani sisomi? Niko kwenye Shahada ya Juu ya Usimamizi. Kazi yangu ya Kuandika inaitwa 'Hali ya Mwanafunzi Kabla ya Kusimamiwa'. Nilimhitaji mwanafunzi ambaye hajasimamiwa hata kidogo, aliyeharibikiwa kabisa! Mnafikiri ilikuwa rahisi kutokuja? Nilitamani kuja! Nilijizuia!" Akamnyooshea Eufrasia kidole. "Na huyu amefanya vizuri peke yake! Nitaandika nini mimi?"

"Na semina?" Eufrasia akauliza taratibu.

"Mkurugenzi ndiye aliyenipeleka. Aliniambia wazi, sipewi mafuta mpaka amalize sura yake. Naye anaandika juu ya 'Msimamizi Kabla ya Kuwezeshwa'. Leo mafuta nimenunua mwenyewe, hajui."

"Na Waziri?" Mzee Ditriki akauliza tena. Mzee huyu hajui kuacha.

"Waziri anaandika juu ya nchi," Daktari akasema, na akaangalia pembeni.

Juu ya Waziri sikuuliza. Nilishika rozari yangu mfukoni. Kumbe siku zote nilishuku kwamba wanataka shamba langu. Nilikuwa nawaonea. Hawakuwa na habari na shamba. Walitaka lisiwe na kitu tu.

Daktari akajifuta uso, akawa Msimamizi tena. "Turudi Kabla. Mgambo, ng'oeni."

Mgambo wakaacha virungu, wakachukua majembe. Yalikuwa majembe yangu mwenyewe, yalikuwa yameegemea ukuta. Mjukuu wangu mdogo akanishika kanga.

"Subiri kidogo," Daktari akasema, "tufuate utaratibu. Mama, nani amepanda mistari hii? Ukisema ni wewe, basi wewe ni mjuzi wa siri, na shamba la mjuzi wa siri hurudishwa Kabla kwa jembe. Ukisema ni mwanafunzi, basi alikushauri bila muhuri, Kazi yake ni batili na amefeli."

Kijiji chote kikaniangalia. Waliokuwa na huruma waliangalia chini, na waliobaki waliangalia mdomo wangu.

"Tulipanda wote," nikasema. "Na Mungu akanyeshea."

"Huyo hayumo kwenye orodha ya washiriki. Nani alivuta kamba?"

Uongo siwezi, na ukweli ungemla mtoto wa watu. Nilihesabu moyoni: nikinyamaza wanang'oa, nikisema wanang'oa nyumba ya mwingine. Mgambo wa kwanza akainua jembe.

"Daktari," Eufrasia akasema. "Kazi yangu ikiwa batili, shamba hili linakuwa nini?"

"Linakuwa si shamba darasa tena. Linatoka kwenye taaluma."

"Na likitoka kwenye taaluma, nani ana mamlaka ya kuling'oa?"

Daktari akamwangalia Mwenyekiti, na Mwenyekiti akaangalia kreti. "Sheria inagusa shamba lililo kwenye Kazi tu," Daktari akasema polepole. "Lisilo kwenye Kazi... serikali haina habari nalo."

"Basi kamba nilivuta mimi. Nimefeli."

"Eufrasia," nikasema. "Baba yako, mwanangu. Mbuzi."

"Nimefeli, mama." Akamgeukia Daktari. "Tena uniandike vizuri. Mwanafunzi hakusimamiwa, hakuelewa mpangilio, akaruka sura ya kwanza, akaenda kufanya kazi kabla ya kuiandika. Nimeharibikiwa kabisa."

Uso wa Daktari ukabadilika mbele yetu kama kumekucha. "Umeruka sura?"

"Nimeruka."

"Kwa kukosa usimamizi?"

"Kwa kukosa usimamizi."

Akatoa kalamu, akaandika akiwa amesimama, akiweka karatasi mgongoni kwa Mwenyekiti. Akatoa muhuri. Ule muhuri tulioungoja mpaka mvua ikatukimbia tuliuona sasa, ni kitu kidogo tu cha mbao, akaugonga ta! mgongoni kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti akaguna. Kisha akamshika Eufrasia mkono kwa mikono yote miwili.

"Hongera sana! Nimeona wanafunzi wengi wakifeli, lakini wengi hufeli juu juu. Wewe umefeli kwa kina!"

Watu wakapiga makofi. Mgambo wakarudisha majembe yangu ukutani, na mmoja wao akaniomba radhi. Gari likaondoka. Eufrasia alibaki amesimama katikati ya mistari, na jioni ile hakufua shati.

*

Habari hiyo ilisambaa kuliko tangazo lolote. Mzee Ditriki alimwita mwanafunzi wake, kijana mmoja mwenye miwani, akamkalisha, akamwekea kitoweo na kumwambia, "Mwanangu, nakuomba kwa heshima zote, feli." Kijana alifikiri mpaka kitoweo kikaisha. Akafeli. Vijiji vingine vikafanya hivyo hivyo, wanafunzi wanaopenda watu wao wakafeli na wanaopenda vyeti wakabaki Kabla na mashamba yao ya vumbi. Redio ikatangaza kwamba mwaka huo Kabla ya nchi imevunja rekodi, na Mkurugenzi akapewa cheti na nishani kwa ajili ya Msimamizi aliyejinunulia mafuta.

Eufrasia alimwandikia baba yake barua. Sijui aliandika nini, sikuichungulia, ingawa iliachwa mezani wazi siku nzima. Jibu lilikuja na fundi baiskeli, kwa mdomo. Baba yake alisema kama kuna mahindi huko, abaki huko.

Akabaki. Nilimpa kanga, na kipande changu cha bondeni akawa analima yeye. Wengine jumuiyani waliniuliza, "Una uhakika naye?" Nikawaambia hapana. Sina uhakika hata na mimi mwenyewe. Lakini ufunguo wa kihenge alikuwa anaushika.

Wakati wa kupukuchua, tumekaa uani na lundo la mahindi katikati, tukasikia gari. Wajukuu wakakimbilia ndani. Daktari Hilarioni alishuka, amekonda. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba.

"Hodi hapa."

"Karibu, Daktari. Kiti hicho."

Hakukaa. Alimsogelea Eufrasia na faili lake. "Binti, nimekuja kukusimamia. Niko sura ya tatu. Nahitaji Baada. Nahitaji ufaulu."

Eufrasia aliendelea kupukuchua. "Nikifaulu, Daktari, shamba linakuwaje?"

"Linarudi kwenye taaluma, bila shaka. Tutaanza upya, sura ya kwanza, kwa hadhi mpya. Safari hii nitakuja mapema. Naapa."

"Basi mimi bado sijui."

"Binti, tafadhali. Mkurugenzi ananidai Baada yangu, Waziri anamdai yake. Nchi nzima inakungoja wewe!"

"Ndio sijui, Daktari. Hata ungeniuliza nini. Mahindi yenyewe naona yameota tu."

Daktari akanigeukia mimi. "Mama, mwambie."

"Mimi ni mkulima asiyejua," nikamwambia. "Mmepiga chapa wenyewe."

Akakaa kwenye kiti bila kutaka, kama mtu aliyekatwa miguu. Nilikuwa nimesonga ugali. Nikamnawisha mikono, nikampakulia, na maharage. Alikula kichwa chini, kwa kasi. Alipomaliza aliikwangua sahani kwa kidole.

"Mahindi haya ni ya wapi?" akauliza.

"Ya hapa hapa, Daktari," Eufrasia akasema. "Ila serikali haina habari nayo."

Akageuka akaitazama barabara, upande huu na upande ule. Hakukuwa na mtu. Akasukuma sahani mbele, akashusha sauti.

"Basi niongezeeni."